Dola 400 za Gongo Hazinunui Jicho

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, ambaye mwanawe wa miaka 16 amemng'ang'ania amnunulie gongo la besiboli la dola 400. (Nasema gongo la kupigia mpira, lile la kunywa lina wataalamu wake.) Aliniuliza kama gongo hilo litamfikisha kijana chuoni, na kwa kuwa mimi nilifika chuoni kwa mchezo huo na nikaishia hapo hapo, nimeona nimjibu mbele ya wasomaji wote, maana najua wengi wenu mna watoto wenye ndoto hiyo hiyo.

Nilipoingia chuoni mwaka 2013, magongo ya alumini yalikuwa yamekwisha kupunguzwa makali. Gongo la alumini lina uwazi ndani, na ukuta wake hubonyea kidogo na kurudi, ukaurusha mpira kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana kuanzia 2011 michezo ya vyuo ilianza kutumia kanuni ya BBCOR, inayoweka kikomo cha 0.50 katika kipimo cha mrudisho huo. Tena gongo la inchi 33 haliruhusiwi kuwa jepesi kuliko aunsi 30. Kwa hiyo gongo la dola 400 na la dola 150 yote hupita katika tundu lile lile la sindano, jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kumweleza mzazi.

Hata hivyo alumini, pamoja na kupunguzwa, husamehe makosa, nami nilisamehewa sana. Msimu wangu wa pili nilimaliza na wastani wa .341, yaani mapigo 34 hivi yaliyofanikiwa katika kila zamu 100, nikajiona mtu mbele ya watu, na kiangazi kilipofika nikaenda kucheza katika ligi ya magongo ya mbao nikiamini kwamba ninakwenda kuonekana tu na wasaka vipaji.

Mpira wa kwanza niliougusa ulinijia karibu na mwili. Nilisikia mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini, nikabaki na kipande cha mpini mkononi, vidole vikitetemeka kana kwamba nimeshika waya wenye umeme, huku upande mnene wa gongo ukibingirika kuelekea kwa mrushaji. Katika wiki mbili nilivunja magongo manne ya mepo, aina ya mti mgumu. Kocha aliokota kipande cha gongo la nne, akanionyesha doa la mpira juu kidogo ya mpini, akasema, "Hapa ndipo unapopigia siku zote. Alumini ilikuwa inakufichia." Nyuma ya wavu alikuwako msaka vipaji mmoja, ambaye baada ya zamu yangu ya tatu alifunga daftari lake lenye jalada la kijani. Daftari lile sijalisahau, na sidhani kama nitalisahau.

Tangu siku ile nilianza kufanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya miaka mitano kabla. Nunua dawa ya unga ya miguu, ile ya kupuliza, upake gongo liwe jeupe, kisha upige mipira 20 iliyowekwa juu ya kisimamo na utazame madoa yameangukia wapi. Yanatakiwa yakusanyike kati ya inchi 5 na 7 kutoka ncha nene ya gongo. Yangu yalitapakaa kama nyayo za kuku. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwako, na mpira wa maili 90 kwa saa hukufikia kwa takriban sekunde 0.4, basi hapo hakuna nafasi ya gongo kufikiri kwa niaba yako. Puliza unga, piga, tazama, rudia.

Wapo watakaonitajia magongo ya torpedo, yaliyovuma Machi 2025 pale timu ya New York Yankees ilipopiga homurani (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) tisa katika mchezo mmoja dhidi ya Milwaukee Brewers. Gongo hilo, ambalo chimbuko lake ni Aaron Leanhardt aliyekuwa mwanafizikia, huusogeza unene wa mbao karibu zaidi na mikono, mahali ambapo mpigaji husika huugusa mpira mara nyingi. Yaani hata mwanafizikia alianza na jambo lile lile la kocha wangu: unapigia wapi? Na Aaron Judge, aliyepiga tatu kati ya hizo tisa, alitumia gongo lake la kawaida. Wazazi wenzangu, tuache kuwanunulia watoto visingizio vinavyong'aa. Mtoto asiyejua anapopigia mpira mpe hata gongo la dhahabu, ataupiga kwa mpini.

Dada yangu, mnunulie gongo lililotumika, la mwaka mmoja au miwili nyuma, na kopo moja la unga wa miguu. Akishapiga mipira yake 20, nitumie picha ya madoa. Ya gongo lenyewe sina haja nayo.