Ndege za mizigo na glaida kwenye simuleta za vita: mzigo ndio uamue misheni

Katika misheni nyingi za simuleta za vita vya anga, ndege ya mizigo ina kazi moja tu: kusubiri kutunguliwa. Inaendeshwa na kompyuta, inakwenda mstari ulionyooka kwa kimo kilekile, na ikianguka hakuna kinachobadilika ardhini. Ndiyo maana rubani akipewa kiti chake anakikataa. Mwendo wa polepole watu wanauvumilia. Kubeba mzigo usio na faida hawauvumilii. Hilo ni jukumu la mtunzi wa misheni, na alitimize kabla ya mtu yeyote kuwasha injini.

Anza na akiba ya uwanja wa mbele. Upe mafuta na risasi za kutosha, tuseme, safari 20 za ndege za kivita, na kila safari ipunguze moja. Kila ndege ya mizigo inayotua salama iongeze nne. Baada ya saa moja ya mchezo, marubani wa kivita wataanza wenyewe kuuliza kwenye redio C-47, ndege ya mizigo ya Kimarekani, iko wapi, na wataisindikiza bila kuombwa. Ukiiga vita vya Stalingrad, hesabu za vita vyenyewe zinatosha kuleta ukali: jeshi la Wajerumani lililozingirwa lilihitaji angalau tani 300 kwa siku, na wastani wa kilichofika ulikuwa karibu tani 100. Kwenye misheni yenye C-47 inayobeba takriban kilo 2,700 kwa safari, kila mchezaji anaona mara moja uzito wa ndege moja iliyopotea.

Kosa linaloharibu misheni za namna hii ni kuhesabu mzigo mara tu ndege inapoingia kwenye eneo la kushushia. Watu watapita juu kwa kasi, wapate alama na kwenda zao. Weka masharti matatu kwa pamoja: ndege iwe ndani ya mita 150 za kituo cha kushushia, kasi iwe chini ya kilomita 5 kwa saa, na hali hiyo idumu sekunde 60. Umbali nao upime kwa saa, usiupime kwa ramani. Dakika 15 hadi 20 za kuruka zinatosha. Kwa kilomita 250 kwa saa hiyo ni kama kilomita 60 hadi 80. Ukizidisha sana, kiti kitabaki kitupu hata kama mzigo una faida.

Kuangusha askari wa miavuli ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ilimradi kasi ipungue mapema. Mpango wa C-47 usiku wa Normandy, Juni 1944, ulikuwa maili 110 kwa saa kwenye kimo cha futi 700, yaani karibu kilomita 177 kwa saa na mita 210. Kwa kasi hiyo ndege inakata mita 49 kila sekunde, kwa hiyo askari 18 wakiruka mmoja kwa sekunde wanatawanyika kwenye mstari wa zaidi ya mita 800. Ukienda kwa kilomita 260, mstari unapita kilomita 1.2 na kikosi hakikutani tena. Punguza pia nguvu ya injini ya kushoto wakati askari wanaruka, kwa sababu mlango uko upande huo na upepo wa propela unawapiga wanaotoka.

Glaida, ndege zisizo na injini zinazovutwa kwa kamba kisha kuachiwa, ndizo zinazostahili muda zaidi, na ndizo zinazoharibiwa zaidi na marubani wenye haraka.

Kuvutwa kunaanza kabla ya kasi. Ndege ya kuvuta isogee polepole mpaka kamba ikaze kabisa, ndipo itie nguvu zote. Ikiondoka kwa nguvu huku kamba imelegea, kamba hukatika kwenye mita chache za mwanzo. Glaida itapaa kwanza kwa kuwa ni nyepesi kwa eneo la mabawa yake. Ikae mita 2 hadi 5 juu ya njia ya kurukia na isizidi hapo. Ikipanda juu, kamba inaunyanyua mkia wa ndege ya kuvuta, pua inaelekea chini na wote wawili wanaishia mwisho wa njia. Ajali hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na karibu kila mara analaumiwa rubani asiyehusika, yule wa mbele.

Mkiwa angani, chagueni kukaa juu kidogo au chini kidogo ya hewa iliyochafuliwa na propela. Katikati yake glaida hutikisika mfululizo na rubani huchoka haraka. CG-4A, glaida ya Kimarekani, ilikuwa na kikomo cha maili 150 kwa saa ikivutwa, yaani kilomita 240, kwa hiyo ndege ya kuvuta ishike 190 hadi 200. Mlalo wa kona usizidi nyuzi 15. Kwa mlalo huo, kugeuka nyuma kabisa kunachukua zaidi ya dakika moja, na mpango wa safari lazima uiachie nafasi kona hiyo. Kamba ikilegea, usivute usukani kwa pupa. Subiri, na inapokaribia kukaza teremsha pua kidogo ili kasi zilingane; mkazo wa ghafla ndio unaokata.

Usijaribu kuvuta glaida mbili kwa ndege moja mpaka uwe umeizoea moja. Burma, Machi 1944, CG-4A zilivutwa mbilimbili zikiwa zimejazwa mizigo kupita juu ya milima, na kamba nyingi zikakatika njiani.

Kwenye seva kuna adui mwingine: kuchelewa kwa mtandao. Mkienda mita 54 kwa sekunde, kuchelewa kwa sekunde 0.2 kunamfanya mwenzako aonekane karibu mita 11 kutoka alipo, na kamba iliyoandikwa kama springi inasoma tofauti hiyo kama mvuto halisi. Refusha kamba na uongeze uwezo wake wa kunyumbulika kama faili za misheni zinaruhusu. Haziruhusu? Anzisha glaida ikiwa tayari angani, mahali pa kuachia. Utapoteza safari ya kuvutwa, lakini utabaki na sehemu inayohitaji akili zaidi.

Sehemu hiyo ni kuchagua pa kuachia. Sicily, Julai 1943, glaida zaidi ya 60 za Waingereza ziliangukia baharini kwa sababu ziliachiwa mbali mno na pwani huku upepo mkali ukizipiga usoni. Hesabu yenyewe ni fupi. Pima glaida yako siku isiyo na upepo: achia kwenye mita 1,000, shika kilomita 120 kwa saa, na uone umefika wapi. Tuseme umepata kilomita 10. Basi kila mita unayoshuka inakupa mita 10 mbele, na kimo cha mita 600 kinakupa kilomita 6. Sasa weka upepo wa mbisho wa kilomita 40 kwa saa. Ardhi inapita chini yako kwa 80 badala ya 120, na kilomita 6 zinakuwa 4. Toa tena mita 150 za kimo kwa ajili ya kona ya mwisho na zinabaki 3. Rubani aliyekariri ile 6 anatua kwenye maji au miti.

Ukikosea, kosea kwa kufika juu mno. Kimo cha ziada utakimaliza kwa flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa), kwa spoila (vibao vinavyoinuka juu ya mabawa) au kwa kona za kushoto na kulia kabla ya kiwanja. Kimo kilichopungua hakina dawa. Horsa, glaida ya Waingereza, ilikuwa na flapu kubwa zilizoiruhusu kuteremka kwa mteremko mkali sana, lakini ziliendeshwa kwa hewa iliyobanwa kwenye chupa. Simuleta inayoiga hilo itakunyima flapu ukizifungua na kuzifunga ovyo.

Mwisho, usimruhusu rubani aone kazi imekwisha glaida inaposimama. Pua ya CG-4A ilifunguka kwenda juu ili jipu au mzinga wa milimita 75 utoke kwa mbele. Glaida iliyochomeka pua mtaroni imefungia mzigo wake ndani. Andika sheria hiyo kwenye misheni: pua ikiwa nzima, mzinga uwe tayari baada ya sekunde 90, ikiharibika, baada ya dakika 6, na adui awe ameshajua mahali.