Kabla ya kuilaumu programu: kwa wanaoanza kuwasha taa kwa kompyuta

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza kuwasha taa ndogo ya LED kutoka kwenye kompyuta kupitia USB, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msianze kuikagua programu kabla hamjaikagua kebo. Nayasema haya nikiwa Ujiji, ambako kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza redio na simu, na ambako vijana wachache huja jioni kujifunza maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha vifaa kwa programu, kwenye meza ileile ya kazi.

Bodi yangu ya kwanza yenye chipu kama hiyo ilikuwa ndogo, ya muundo wa Arduino Nano, yenye tundu la USB kama la simu, na nilipoteza siku mbili nikiirekebisha programu ambayo haikuwa na kosa lolote. Taa ya umeme ya bodi ilikuwa inawaka, nami nikaamini kwamba kebo ni nzima, kumbe niliichomoa kwenye chaja ya simu. Kebo kamili ya aina hiyo ina nyaya mbili za umeme na mbili za data, lakini baadhi ya zile za bei ya chini zina nyaya za umeme pekee. Tangu siku hiyo kebo niliyokwisha kuithibitisha huifunga uzi mwekundu, na hakuna anayeruhusiwa kuiazima kwa ajili ya kuchajia simu, hata shemeji yangu.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi: chomekeni bodi, kisha mtazame kama jina jipya la poti, yaani njia ya mawasiliano kati ya kompyuta na bodi, limejitokeza, kwa mfano COM3 kwenye Windows au ttyUSB0 kwenye Linux. Lisipojitokeza kwa kebo iliyo nzima, huenda bodi inatumia chipu ya CH340, ile inayoiunganisha na USB, na kompyuta haina draiva yake, yaani programu ya kuitambua, kwa hiyo ipakueni mapema mkiwa na bando.

Taa yenyewe haina mambo mengi. Mguu mrefu ni chanya, na ni lazima rezista, kipande cha kupunguza mkondo wa umeme, iwepo, kwa kuwa pini ya bodi hiyo hutoa volti 5 na haifai kubebeshwa zaidi ya miliampia 20 kwa kazi ya kawaida. LED nyekundu huchukua takribani volti 2, hivyo rezista ya omu 220, yenye rangi nyekundu, nyekundu na kahawia, hupitisha kama miliampia 14. Mkiitoa kwenye redio mbovu, ipimeni kwa mita kwanza, maana rangi zilizoungua hudanganya.

Sehemu inayowasumbua wengi ni mawasiliano. Mtu akibonyeza 1 kwenye kompyuta, kinachofika kwenye bodi ni herufi, na thamani ya herufi hiyo katika orodha ya namba za herufi (ASCII) ni 49. Programu inayouliza kama thamani iliyopokelewa ni moja itangoja bila mwisho. Kosa jingine huchekesha kidogo: taa humeta mara moja na kuzimika papo hapo, kwa sababu kompyuta imetuma pia alama ya mstari mpya, ambayo thamani yake ni 10, nayo programu imeandikwa hivi kwamba chochote kisichokuwa 1 kizime taa. Andikeni waziwazi kwamba 1 iwashe, 0 izime, na kitu kingine chochote kipuuzwe.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Programu ya kompyuta inapofungua poti, bodi hujianzisha upya, na amri inayotumwa katika sekunde moja au mbili za mwanzo hupotea bila dalili yoyote ya kosa. Wengi huweka subira ya sekunde mbili, lakini mimi napendelea bodi itume neno «tayari», na kompyuta isitume amri yoyote kabla ya kulipokea. Hakikisheni pia kwamba pande zote mbili zina kasi moja, kwa mfano biti 9600 kwa sekunde, na kwamba dirisha la majaribio (Serial Monitor) limefungwa, kwa kuwa kwa kawaida poti moja haikubali programu mbili kwa wakati mmoja.

Swali la balbu ya nyumbani huulizwa kila jioni. Balbu hiyo hutumia volti 230 na huhitaji rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo wa bodi, na somo lake kwangu huanza baada ya mwanafunzi kuwasha na kuzima LED mara mia bila kosa, tena hufanyika waya ukiwa umechomolewa ukutani.