Simu ya Baba haikufa

SWALI: Kaka Fundi, shikamoo. Juzi tulikuwa tunapanga chumba cha Baba hapa Tanga, tukaikuta kwenye droo simu yake ya zamani, ile ya Kichina ya laini tatu, spika kubwa nyuma na antena ya kuvuta. Mwenyewe anasema iliharibika mwaka 2016. Nimeichaji, imewaka! Ila kila laini ninayoweka haishiki mtandao. Kwenye memori kadi kuna nyimbo kibao: “Aje” ya Alikiba, “Salome” ya Diamond na Rayvanny, “Muziki” ya Darassa. Inatengenezeka? – Binti wa Mzee

JIBU: Marahaba, binti. Hakuna cha kutengeneza, maana haikuharibika. Ilifungiwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima. Utakumbuka tulivyokuwa tukibonyeza *#06#, tunapata namba zile 15 za IMEI, yaani utambulisho wa simu, tunazituma kwenda 15090 kujua kama simu ni feki, huku roho juu.

Mwaka huo nilikuwa na kibanda Buguruni, naingiza watu nyimbo: kompyuta moja ya mezani na kadi rida iliyofungwa selotepu. Kesho yake nikajua biashara imekwisha. Wapi! Mteja wa kwanza aliniwekea mezani simu iliyokatwa usiku ule, akasema, “Hii sasa ni redio, nijazie.” Ilikuwa Ijumaa ya Ramadhani, akataka kaswida tupu. (Kibanda kilikuja kuuawa na bando, lakini hayo ni machungu yangu.)

Sasa tazama kadi ya mzee. “Aje” ilitoka Mei, simu ikiwa bado hewani. “Salome” ni ya Septemba, “Muziki” ni ya Novemba. Maana yake miezi mitano baada ya kuzimwa, baba yako bado alikuwa anaipeleka kibandani kujaziwa nyimbo. Mbane vizuri, huyo hasemi yote. Na ukiitafuta humo “Maria Salome” ya Saida Karoli, ile ya zamani iliyozaa “Salome” ya Diamond, sitashangaa ukiikuta, wateja wa rika lake wakisikia ile ya Diamond walikuwa wananiambia, “Nipe na ya mwenyewe.”

Fundi akikuambia atakubadilishia IMEI ili ishike mtandao, ondoka. Ni kosa la jinai.

Kabla hujaichaji tena, toa betri, ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba. Usiirudishe, tafuta nyingine ya saizi ile ile. Kadi nayo ichomoe simu ikiwa imezimwa, uhamishie nyimbo zote kwenye kompyuta leo leo, kwa sababu kadi za zama zile hufa bila kuaga.

Ukishamaliza, mrudishie mzee redio yake.