Hiyo ni Hurricane, si Spitfire
Ndugu, ndege iliyo nyuma ya babu yako kwenye picha hiyo ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), Burma 1944, uliyoiita Spitfire, ni Hurricane; zote mbili ni ndege za kivita za Waingereza. Tazama mgongo ulioinuka kama nundu nyuma ya rubani, na mistari ya mbavu kuelekea mkiani: sehemu hiyo ilivikwa kitambaa, si bati. Magurudumu nayo yameachana sana, ya Spitfire yamekaribiana. Halafu alama ya duara ubavuni: katikati ni peupe-peupe. Nyekundu ingetoka nyeusi-nyeusi kwenye picha isiyo ya rangi. Waingereza waliiondoa nyekundu hiyo kule Asia ili isidhaniwe jua jekundu, alama ya ndege za Wajapani, kwa hiyo inaendana kabisa na Burma. Tafadhali iskani upya kwa ukubwa, pamoja na mgongo wa picha. Herufi za ubavuni huenda zikasomeka.