Ufunguo wa akiba haukupi ruhusa

Juzi usiku kijana mmoja aliyeanza kazi ya risepsheni kule Paje kaniandikia: "Dada, polisi wakija wakataka kuingia chumba cha mgeni, nifungue?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Swali hilo miye sikumuuliza mtu, na lilinitoa kazini.

Ilikuwa gesti moja Malindi, ile ya Unguja mjini. Saa nane usiku waliingia wanaume watatu, mmoja kavaa sare. Wakataja namba ya chumba, ghorofa ya pili. Sikuuliza hati ya upekuzi, sikuuliza wanamtafuta nani. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye ndoano ya funguo za akiba. Ngazi zile za mbao zilikuwa zikilia kila nikipanda. Nikafungua bila hata kubisha.

Ndani mlikuwa na bwana na mkewe, shuka wamejivuta mpaka kidevuni. Begi likamwagwa, godoro likapinduliwa, hata kopo la losheni likafunguliwa. Kumbe waliyemtaka aliondoka asubuhi ile ile, chumba nikakitoa kwa mgeni mwengine. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, mbele yangu, mezani.

Kulipokucha bosi akanambia, "Nani kakutuma ufungue?" Yeye huyo ndiye aliyekuwa akitwambia tusibishane na polisi! Mwezi haukwisha, nikatolewa. Bado inaniuma, siwafichi.

Baadaye jamaa yangu wakili alinikalisha barazani akanifahamisha. Ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na kwa hoja yake, mgeni akishalipia chumba, usiku ule ndipo kwake. Upekuzi kwa kawaida huja na hati. Iko dharura, mathalan mtu anakimbizwa akajifungia ndani, lakini dharura ataieleza askari, si wewe kumkisia.

Akanihadithia na kesi ya Marekani, Stoner dhidi ya California, ya mwaka 1964. Karani wa usiku wa hoteli aliwafungulia polisi chumba cha mteja, Stoner mwenyewe, ambaye hayupo, wakakuta bastola. Mahakama ya Juu ya kule ikasema ruhusa ile haikuwa ya karani kuitoa, na hukumu ya Stoner ikatenguliwa. Sheria yao haitufungi sisi, lakini karani yule nilimwona kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa nyinyi mnaotaka kufika umeneja, nisikilizeni. Omba kitambulisho. Omba hati, uisome: jina la nani, mahali gani. Fungua daftari ulinganishe. Mpigie meneja hata kama amelala, na mgeni abishiwe hodi, ni binaadamu yule. Wakisema hawana hati, waulize kwa adabu wanaingia kwa sababu gani, uandike majina yao na saa. Wakishikilia kuingia, usiwazuie kwa kifua, kumzuia askari kazini ni kesi nyengine. Lakini hati iombe. Sare si hati, nasema tena. Watoto wa siku hizi mnajua kupiga picha za machweo Nungwi, kuuliza swali moja tu hamuwezi!

Nilipomjibu hayo, kijana akarudi: "Na meneja akisema nifungue tu?"

Basi ashuke afungue mwenyewe.