Jinunulie tu, harusi za watu haziishi

Juzi kati nimepata meseji ya dada mmoja yuko Morogoro, jina namhifadhia, ameandika ndefu kweli ila kwa kifupi amejibana mpaka amefikisha laki sita za baiskeli ya resi, hela iko kwenye simu, baiskeli yenyewe ameshaiona kwa muuzaji, lakini kila akitaka kwenda kuichukua moyo unamsuta. Kuna bati za nyumba ya mama yake, kuna ada ya muhula ujao, alafu shemeji yake kamwambia mtu mzima na baiskeli ya mashindano wapi na wapi. Anamalizia, "dada we uliwezaje kuwazoea?"

Sijawazoea. Naanza na hilo kabisa.

Mnaonisoma siku nyingi mnanijua, mi ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Tegeta, kutwa nahesabu nondo na saruji za watu, mama wa watoto wawili, na baiskeli ndo kitu changu. Mwingine ana vitenge, mwingine ana maua, mi nina baiskeli. Nilianza na mtumba wa Japani, lile lichuma la kijivu ambalo vishikizo vya gia viko kwenye bomba la chini la fremu, yaani ukitaka kubadili gia unaachia mkono mmoja huku bajaji inakuchomekea. Habari za kujifunza, za kuanguka, za mapaja kuuma naziruka, wote tumepitia.

Kilichonipandisha wazimu ni mwendesha baiskeli Biniam Girmay. Tarehe 1 Julai 2024 ilikuwa Jumatatu, nimetoka kazini, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, hatua ya tatu ya Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, inaingia Turin, Italia. Huyu kijana wa Asmara, Eritrea, ndo yule ambaye 2022 alishinda hatua ya Giro d'Italia, mbio za Italia, akapanda jukwaani kufungua ile chupa yao ya kushangilia, kizibo kikamruka jichoni, mashindano yakamwishia hapohapo. Sasa siku hiyo ya Turin wakaingia mita za mwisho kwa kundi, nikamwona anachomoka, nikapiga kelele mpaka mtoto akatoka bafuni na sabuni kichwani. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Akashinda na nyingine mbili na jezi ya kijani, ya kinara wa pointi, akaondoka nayo. Mi usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nawaza lile lichuma langu kibarazani, nikajisemea Desemba gawio la kikoba likitoka halipiti kwa mtu mwingine.

Na halikupita. Nilinunua baiskeli ya alumini, mtumba pia lakini umetunzwa, gia za kampuni ya Shimano aina ya Tiagra, kumi nyuma, breki zinashika, rangi ya bluu bahari. Laki nane na nusu. Nikanunua na helmeti, na taa mbili, na kaptula ya sponji. Nikapiga picha pale daraja la Tanzanite asubuhi jua linatoka, kuna njia ya pembeni ya waenda kwa miguu na baiskeli, nikaweka status.

Haikupita saa nzima wifi yangu mmoja kaibeba ile picha kaitupa kwenye grupu la kamati ya harusi ya mdogo wao, chini kaandika, "wengine kadi ya double hawajamaliza ila usafiri mpya upo". Akaweka na kile kiemoji cha kucheka machozi. Watu wakacheka. Shangazi mtu, ambaye nilimlipia dawa mwezi huohuo na hakuna aliyejua, naye akacheka.

Ndugu zangu niwaambie ukweli, iliniuma na bado inauma, naandika hapa vidole vinatetemeka kidogo. Sio kwamba nilikuwa sitaki kuchanga. Nilishatoa nusu, nusu nyingine niliahidi mwisho wa Januari na mwisho wa Januari nikaitoa. Kilichoniuma ni kwamba kwenye grupu lilelile kuna shemeji yangu anabadilisha spika za gari kila zikitoka mpya, ukipita mtaani kwao vioo vya madirisha vinatikisika, hakuna kikao kilichowahi kumjadili. Kuna mwingine kila wikiendi mkeka, timu nane, timu kumi, unachanika, wiki ijayo anasuka mwingine, huyo anaitwa mwanaume anapumzisha akili. Mimi mwanamke nikinunua kitu kinachonitoa jasho na kunishusha presha, naitwa nina utoto. Na mavazi je? Navaa taiti ndefu na tisheti ya mikono mirefu, anayesema natembea uchi barabarani aje na picha.

Baba watoto alisema neno moja tu siku ile, "toka kwenye hilo grupu". Sikutoka. Nilibaki nikawa natuma mchango na risiti, mchango na risiti, mpaka wakanyamaza.

Sasa dada wa Morogoro nisikilize, na wengine wote mnaojificha na matamanio yenu. Harusi haziishi. Ukimaliza ya huyu kuna kitchen party ya yule, kuna send-off, kuna kipaimara, kuna msiba, na yote ni mambo ya maana, sikwambii uyakimbie. Nakwambia ukisubiri mahitaji ya ukoo yaishe ndo ujinunulie kitu chako, utazikwa nacho kichwani. Tenga fungu lake mapema. Mimi langu linatoka kwenye kikoba, kila wiki kidogo, na likishaitwa la baiskeli haliwi la kitu kingine isipokuwa mtoto kaumwa. Ada kwanza, ndio. Bati za mama, ndio, zipangie mwezi wake. Alafu na wewe uwepo kwenye hiyo orodha, hata kama uko wa mwisho uwepo kwa jina!

Ila sio kununua kila kinachong'aa, hapo nawajua, mna tamaa kama mimi. Kanuni yangu ni moja, kabla ya kununua nauliza, hiki kitu nikikosa Jumamosi hii natoka au sitoki? Kwenye baiskeli jibu karibu kila mara liko pale mwili unapogusa, yaani siti, mikono, miguu, na matairi yanayogusa lami. Watu wanahangaika na majina ya gia, Claris, Sora, Tiagra, 105, Ultegra, mpaka Dura-Ace, na kweli ukipanda ngazi vinakuwa vyepesi na vinabadilika laini zaidi, lakini Sora iliyosafishwa na kusetiwa vizuri inaishinda Ultegra yenye mchanga wa Kigamboni, hilo nimeliona kwa macho. Siti mbaya lakini hakuna fundi wa kukusaidia, kilomita ya ishirini unaanza kuimba.

Na kaptula ya sponji, akina dada, haivaliwi na chupi ndani. Aliniambia binti mmoja kwa aibu tukiwa Bunju na niliona kama ananitania, ila ile mishono ya chupi ndo inayochuna ngozi. Nunua kaptula nzuri moja kuliko mbaya tatu, fua kila ukirudi.

Fremu nayo. Hii naomba usiruke dada, maana ndo laki sita yako ilipo. Mitumba ya Japani mingi ni midogo, fremu nyingine ina kistika cha namba kwenye bomba la siti, 49, 52, 54, hizo ni sentimita. Rangi isikuchanganye. Panda, shusha mguu mmoja mpaka pedeli iwe chini kabisa, ukiikanyagia kisigino goti linatakiwa linyooke, alafu ukiweka unyayo sawasawa libaki limekunja kidogo. Ukiona kufika hapo lazima uvute kile kichuma kinachoshika siti kipite alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, hiyo ni ya mtu mwingine, mwachie. Ya kaboni mtumba mi siwezi kumshauri mtu anayeanza, alumini ikibonyea unaiona, kaboni inaweza kuwa na ufa ndani na nje inapendeza.

Cheni kapime mwenyewe, usimsikilize muuzaji anayekwambia "hii bado kabisa sister". Chukua tepu yenye inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, vuta mpaka inchi 12. Cheni mpya pini inakaa palepale kwenye 12. Ikipitiliza kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni tu, bei rahisi. Ikipitiliza kwa moja ya nane basi ujue na meno ya friwili yameshaliwa, ukiweka cheni mpya itakuwa inaruka, kwahiyo hiyo gharama ikate kwenye bei hapohapo mbele yake. Mi hutoka na tepu ya dukani kwetu, wauzaji wakiniona naichomoa wanaanza kushusha bei hata kabla sijapima hahaha.

Pwani kuna chumvi, cheni yangu naifuta kwa kitambaa kila nikirudi na kuitia oili tone tone, ya cherehani inafaa ukiwa huna nyingine ila mvua moja imeondoka. Nyie wa Morogoro mna nafuu ya chumvi, vilima ndo mnavyo.

Naona nimeanza kufundisha ufundi, turudi. Mwezi wa nane 2025 nilikwenda Bagamoyo na kurudi siku moja. Naisema kwa kujidai, naomba mnivumilie. Kwenda ni raha, upepo wa kusi unakusukuma mgongoni, Bunju, Mapinga, Kerege unaona kama umepata mbawa, nikafika nikanywa dafu mbili na mihogo ya kukaanga. Kurudi sasa. Kusi lote usoni, jua limepanda, malori ya mchanga yanakupita na kukuvuta. Kuna sehemu nilikanyaga gia nyepesi kabisa kwenye tambarare, kwenye tambarare jamani, mzee mmoja na Phoenix yake nyeusi na gunia la mkaa akanipita akanisalimia "pole mama". Nilifika nyumbani nikakaa sakafuni jikoni nusu saa na helmeti kichwani, mwanangu wa pili akawa ananilisha ndizi. Tangu niolewe sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na furaha ya namna ile ambayo sikumpikia mtu.

Na mwezi uliofuata nikajinunulia viatu, vile vya kubana kwenye pedeli, zawadi ya Bagamoyo. Nimechukua vya boliti mbili, kile kibati cha chini kinaingia ndani ya soli kwahiyo unaweza kutembea dukani kama mtu, vya boliti tatu ni vizuri kwa mashindano ila chini unateleza. Ni pedeli na viatu, laki mbili na ishirini kwa jumla. Status sikuweka. Sio kwa kuogopa, ni kwamba nimeamua bei za vitu vyangu sio mada ya kamati. Wewe pia nakushauri, furaha yako ionyeshe kwa wanaoijua thamani yake, wengine waonyeshe baiskeli tu ikipita.

Mwezi huohuo wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuwa Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, mbio za wanawake wa daraja la juu tuliangalia kwenye simu saluni tukiwa na madawa kichwani. Kila mtu alikuwa ametaja mabingwa wake wa Ulaya, akashinda Magdeleine Vallieres wa Canada ambaye hata mimi nisingemtaja. Yule dada anayenisuka, ambaye miaka yote ananiita "mama baiskeli" kwa kejeli, akauliza taratibu, hivi yangu ya kuanzia ingekuwa shilingi ngapi? Huyo sasa anakuja Jumamosi, anatumia lile lichuma langu la kijivu, nimemkopesha.

Kwahiyo dada wa Morogoro, laki sita yako usiimalizie yote kwenye baiskeli. Tafuta ya laki nne, laki nne na kidogo, fremu saizi yako hata kama rangi ni mbaya, mtumba wa gia nane au tisa unatosha kabisa. Inayobaki nunua helmeti mpya, sio mtumba maana ikishapigwa mara moja hujui ndani ikoje, taa nyekundu ya nyuma, pampu, tyubu mbili za akiba na vijiti vya kutolea tairi. Kaptula subiri mwezi ujao. Shemeji akiuliza tena wapi na wapi, mjibu Mzumbe na kurudi. Na zile bati za mama anza kuzinunua mbili mbili kila mwezi, niandikie nikupe bei ya geji 28 na geji 30 uone tofauti kabla hujapigwa dukani, hilo angalau ni eneo langu la kazi.