Shali ya rafiki aliyehamia Njombe: tatizo ni sindano

Dada, umesema rafiki yako amehamishiwa Njombe, unataka kumfumia shali kabla ya baridi ya Juni, na kipande ulichojaribu kimetoka kigumu kama mkeka. Mkono wako hauna kosa. Uzi wa unene wa kati kwa sindano ya kroshia ya milimita 3.5 lazima ukakamae. Chukua ya milimita 5.5, hata 6, ufumo upumue.

Mimi ningefuma pembetatu. Unaanzia katikati ya shingo, na kila mstari unaongeza vitanzi kwenye ncha mbili na pale katikati. Huna haja ya kupiga hesabu ya ukubwa: jitupie mabegani mbele ya kioo, ukiona inafunika viwiko, kata uzi.

Uzi nunua wote siku moja, gramu 400 hivi, na usome karatasi ya kila donge. Mbali na namba ya rangi, kuna namba ya mkupuo wa kutiwa rangi, yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja; namba hizo zilingane kwenye madonge yote. Yangu ya kwanza ilikuwa na mstari wa zambarau iliyopauka mgongoni, na aliyepewa aliivaa kwa hisani tu, namjua.

Akriliki, uzi wa sintetiki, inafaa, haiwashi shingo. Ila mwambie asiipige pasi, italegea na haitarudi. Aifue kwa maji ya vuguvugu, aikamue bila kuisokota, aitandaze juu ya taulo. Kwenye kamba itavutika.

Na ncha za uzi zifiche kadiri unavyofuma. Ukiziacha hadi mwisho utazichukia.